Naitrojeni Ilivyoingia Kwenye Kalibu

Agosti 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley aliyeyusha chuma chenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alikuwa akitafuta mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Dunia ikapata visu visivyoshika kutu. Kaboni hiyo kidogo ndiyo iliyokipa chuma chake ugumu kilipopashwa moto na kupozwa ghafla.

Ujerumani, mwaka mmoja kabla, kampuni ya Krupp ilikuwa imesajili hataza ya chuma cha kromi na nikeli. Hicho kilistahimili tindikali, lakini kilikuwa laini na hakikugumishwa kwa moto. Humo kaboni iligeuka mwizi: kwenye joto la nyuzi 450 hadi 850, kama wakati wa kuchomelea, ilinyakua kromi mipakani mwa punje na kuifungulia kutu njia. Mafundi wakaipunguza, na nguvu ikapungua nayo.

Walioumia zaidi ni wasubuji. Bamba huweza kukazwa kwa rola na kipande kingine kwa nyundo, ila pampu iliyosubiwa hutoka kwenye kalibu ikiwa na umbo lake. Nguvu yake itoke kwenye mchanganyiko wenyewe.

Dawa ilikuwa hewani, maana asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Atomi zake hujipenyeza kati ya zile za chuma na kukikaza, bila uchu mkubwa wa kromi. Miaka ya 1950, nikeli ilipoadimika, Wamarekani walitumia naitrojeni pamoja na manganizi kuziba pengo. Manganizi haikuwa pambo: bila msaada wake naitrojeni nyingi hutoka chuma kinapoganda na kuacha matundu, balaa la kila msubuji. Kisha mwaka 1968, huko Fort Wayne, Indiana, lilianza kazi tanuri la kupuliza oksijeni na agoni, na kipimo cha naitrojeni ndani ya chuma kikawa mikononi mwa fundi.

Kaboni nayo ilirudi kwa heshima. Maabara ya Oak Ridge na kampuni ya Caterpillar, zote za Marekani, zilitengeneza chuma cha kusubu kiitwacho CF8C-Plus, kilichotuzwa mwaka 2003: kaboni kama asilimia 0.1, naitrojeni 0.25, manganizi 4, na niobi. Niobi huikamata kaboni kabla haijaigusa kromi, na vijichembe vyao huzuia chuma kulegea kwenye moto mkali. Kuanzia 2007 kilitumika kwenye mifumo ya kuchoma masizi ya malori ya dizeli, kikitumika kama kilivyotoka kwenye kalibu, bila kurudishwa tanurini.