Kulirudishia Jino Jiwe Lake

Ukijikata na kisu ukimenya vitunguu, ngozi itajifunga yenyewe. Ukivunjika mkono, mfupa utaunga. Lakini jino likimeguka, basi limemeguka. Chembe hai zinazotengeneza enameli, lile ganda gumu la nje, hufa kabla jino halijachomoza kwenye ufizi. Enameli uliyo nayo mdomoni leo ilitengenezwa ukiwa mtoto, na hakuna nyingine inayokuja. Ikiliwa, imeenda.

Ndiyo maana historia ya matibabu ya meno, ukiiangalia vizuri, ni historia ya kung'oa na kuziba. Tumeziba kwa dhahabu, kwa fedha iliyochanganywa na zebaki, kwa saruji, kwa plastiki yenye rangi ya jino. Vyote hivyo ni wageni mdomoni. Na kabla ya kuziba, daktari kwa kawaida huchimba kwanza, na katika kuchimba anaweza kuondoa hata sehemu ambayo haikuwa na kosa. Mimi nimekuwa nikijiuliza: kwani hakuna mtu aliyewahi kujaribu kulirudishia jino jiwe lake lenyewe? Wapo. Na kifaa walichokimbilia si drili wala sindano. Ni mwanga.

Tuanze na lile jiwe. Karibu asilimia 96 ya uzito wa enameli ni madini, na madini hayo yana jina refu kama treni: haidroksiapatiti, yaani kalsiamu na fosfeti zilizoshikana kwa mpangilio maalum. Mifupa yetu nayo imejengwa kwa madini ya ukoo huo huo. Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini asidi inaiweza. Bakteria wakila sukari uliyowaachia mdomoni, wanatoa asidi, na pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, jiwe linaanza kuyeyuka. Mate hujitahidi kurudisha kalsiamu na fosfeti, na mara nyingi yanafaulu. Yakilemewa, tundu linaanza.

Sasa, leza. Ya kwanza duniani iliwaka tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, kwenye maabara ya utafiti ya kampuni ya Hughes. Theodore Maiman alichukua kijiti cha rubi iliyotengenezwa kiwandani, akakizungushia taa ya kumweka kama ile ya kamera, na mwale mwekundu ukatoka. Kila fani ikaanza kuuelekeza mwale huo kwenye kitu chake, kuona itakuwaje. Watu wa meno hawakubaki nyuma.

Mwaka 1964, Ralph Stern na Reidar Sognnaes wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza kilichotokea walipopiga enameli kwa leza ya rubi: ilikuwa imeyeyuka na kuganda kama kioo. Wakaendelea kuchunguza, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba enameli iliyopigwa hivyo inastahimili asidi kuliko ile ya kawaida. Hebu fikiria. Ni kama tofali la udongo: bichi linayeyushwa na mvua, lililochomwa linasimama. Wazo likazaliwa kwamba pengine hatuhitaji kuziba chochote, tunaweza kulichoma jino kidogo tu juu juu likawa sugu.

Mwaka huo huo wa 1965, Leon Goldman, daktari wa ngozi mjini Cincinnati, alilipiga leza jino la mtu aliye hai. Mtu mwenyewe alikuwa ndugu yake, Bernard, ambaye kwa kazi alikuwa daktari wa meno. Daktari wa ngozi ndiye anatibu jino, daktari wa meno ndiye mgonjwa! Bernard hakusikia maumivu, na jino likaachwa na alama ya juu juu tu.

Ingekuwa hadithi, ingeishia hapo kwa shangwe. Lakini wapi. Jino si tofali. Ndani yake kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kiini hicho hakipendi joto. Ni mwaka 1965 tena ambapo Leo Zach na Gerson Cohen walipima jambo hilo kwa nyani: joto ndani ya jino likipanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi tu, asilimia 15 ya meno yalikufa ndani. Leza ya rubi, ili iyeyushe enameli, ilihitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo haikuishia juu. Ungepata ganda zuri la kioo juu ya jino lililokufa. Drili ikaendelea kutawala.

Mwanga uliporudi kliniki kwa nguvu, ulirudi na kazi ile ile ya zamani, yaani kuchimba. Mwaka 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu leza ya erbiamu itumike kwenye sehemu ngumu za jino. Mwale wake unafyonzwa haraka sana na maji, hata yale kidogo yaliyomo ndani ya jino. Maji yanageuka mvuke ghafla, yanapasuka, yanarusha vipande vidogo vidogo vya jino, na joto halipati muda wa kuzama. Ni maendeleo, sikatai. Lakini bado ni kuondoa.

Kujenga kulitokea upande mwingine kabisa, kwa watu ambao hawakuwa wakiwaza meno. Ni 1965 hiyo hiyo, mwaka wenye shughuli nyingi kweli, ambapo Smith na Turner walionyesha kwamba ukilipiga jiwe kwa leza ndani ya chumba kisicho na hewa, linaruka kama mvuke na kutua kwenye kitu kilicho karibu, likitengeneza utando mwembamba. Fikiria sufuria ya maji inayochemka na matone yanayojikusanya kwenye mfuniko. Tofauti ni kwamba hapa kinachopanda ni jiwe lenyewe. Mwaka 1992, Catherine Cotell na wenzake katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, mjini Washington, walitumia njia hiyo kuvalisha chuma cha titani haidroksiapatiti, ili vipandikizi vya mifupa vikubaliwe vizuri zaidi na mwili.

Mimi naona hapo ndipo historia iligeuka. Kwa mara ya kwanza, leza ililipiga jiwe pembeni, na mwili ukapokea tu matokeo. Mwanga haukuhitaji kumgusa mgonjwa.

Walioleta wazo hilo mdomoni ni Wajapani. Japani ilikuwa na mazoea na madini haya, kwa sababu tangu 1980 kampuni ya Sangi ilikuwa ikiuza dawa ya meno iliyotiwa haidroksiapatiti. Mwaka 2012, Shigeki Hontsu wa Chuo Kikuu cha Kinki, akishirikiana na Kazushi Yoshikawa wa Chuo Kikuu cha Meno cha Osaka, alitangaza kitu ambacho magazeti yalikiita bandeji ya jino. Walilipiga leza bonge la haidroksiapatiti ndani ya chumba kisicho na hewa, chembe zikatua juu ya kipande cha chumvi, joto likazipanga kuwa fuwele. Halafu wakaitumbukiza chumvi kwenye maji. Chumvi ikayeyuka, utando ukabaki ukielea. Ujanja ni huo tu, chumvi na maji.

Utando huo ulikuwa na unene wa mikromita 4 hivi, na bado uliweza kushikwa kwa kibanio bila kuraruka. Ulitobolewa vitundu vidogo ili hewa na maji vitoke chini yake usipate mapovu. Unapitisha mwanga, hivyo hauonekani, ingawa unaweza kutengenezwa mweupe kwa anayetaka urembo. Kushika vizuri kwenye jino kulichukua karibu siku nzima, na majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa meno yaliyokwisha kung'olewa.

Tusidanganyane lakini. Kwenye ncha ya gego, enameli hufika milimita 2 na zaidi. Utando wa mikromita 4 ni mwembamba kuliko hiyo mara 500. Hauzibi tundu. Kazi yake ni kufunika pale enameli imelika na dentini ya chini imebaki wazi, ile hali ya kunywa kitu baridi na meno yote yanaingia ganzi. Hontsu alikadiria kwamba matumizi ya kitabibu yangechukua miaka 5 au zaidi. Miaka hiyo imepita zamani, na mimi sijauona utando huo kwenye bei za kliniki yoyote hapa Nairobi.

Utafiti haukufa, ila ulibadilisha njia. Kundi la Hontsu liligeukia ile leza ya erbiamu ya kuchimbia, sasa ikifyatua chembe za fosfeti ya kalsiamu moja kwa moja juu ya jino. Na mwaka 2018, Ayako Oyane na wenzake wa taasisi ya AIST, Tsukuba, walichapisha njia nyingine: jino linazamishwa kwenye maji yenye kalsiamu, fosfeti na floraidi, leza inamulika sehemu moja, na madini yanaota pale pale.

Hiyo floraidi inatuleta nyumbani. Ikiwa kidogo, inaingia kwenye jiwe la jino na kulikaza. Ikizidi wakati jino la mtoto linaundwa, enameli inatoka na vinyweleo, halafu inashika rangi ya kahawia. Maji ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na wasee wa Nakuru wanajua vile watu huwasoma kwa meno kabla hawajafungua mdomo vizuri. Hao hawakula peremende wala hawakusahau mswaki. Walikunywa maji ya kwao. Foleni ya kurudishiwa jiwe ikianza, ningependa wawe mbele.

Lakini kuna kazi isiyongoja foleni hiyo. Mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ni haidroksiapatiti, na haidroksiapatiti hunasa floraidi kutoka kwenye maji. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imetengeneza vichujio kwa mifupa hiyo. Jiwe ni lile lile. Osaka linarushwa kwa leza ili lifunike jino lililokwisha kuharibika. Nakuru linakaa ndani ya kichujio, na mtoto anayekunywa maji yake ana nafasi ya kuota enameli ambayo haitahitaji kurudishiwa chochote.