Vazi kama Usomaji: Beni na Bunilizi ya Kisayansi

Utamaduni wa wapenzi wa bunilizi ya kisayansi kuvaa kama wahusika huhesabiwa tangu mwaka 1939, katika kongamano lao la kwanza la dunia mjini New York. Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas walivaa mavazi yaliyoshonwa na Douglas kwa kuiga filamu ya Things to Come (1936). Hata hivyo, tangu miaka ya 1890, Mombasa na Lamu, iliyo kusini mwa Hulugho, zilikuwa na beni: vyama vya ngoma vilivyovaa sare za kijeshi, vikapiga gwaride na kugawiana vyeo vya ufalme na ujenerali. Kumwita mchezaji wa beni kasuku wa mkoloni ni kosa la kiuhakiki. Kingi na Scotchi za Mombasa zilishindana zenyewe kwa zenyewe; sare ya mtawala iligeuzwa lugha ya fahari ya wenyeji. Douglas alivaa mustakabali uliobuniwa. Wanabeni walivaa mamlaka yaliyowakalia. Wote walisoma kwa mwili. Uhakiki unaotambua maandishi pekee huwafuta wasomaji hao katika historia ya fasihi.