Pofu hupanda vilimani, nzohe hubaki bondeni: Wanyama wakubwa wa Kagera na mahali pa kuwatafuta

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

WAKAZI wengi wa Bukoba wamesafiri kwa basi kupitia Muleba hadi Biharamulo, wakauvuka msitu mrefu ulio katikati na kutokea upande wa pili bila kuona mnyama yeyote zaidi ya nyani waliokaa kando ya barabara. Wengi huhitimisha kwamba porini hamna kitu.

Hitimisho hilo si sahihi. Msafiri hutazama mahali pasipo, tena katika saa za jua kali ambazo wanyama wamejificha.

Eneo hilo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 4,707, nayo inagusa wilaya za Muleba, Biharamulo, Chato, Karagwe na Ngara.

Ili kuwapata wanyama wake, lazima kwanza kuielewa ardhi. Magharibi mwa Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ardhi imejipanga kama matuta makubwa ya shamba: migongo ya vilima ielekeayo kaskazini na kusini, na kati yake mabonde yenye vinamasi. Mtu wa Muleba anaifahamu sura hiyo tangu utoto, migomba ikiwa juu, rweya ya nyasi kwenye mteremko na mafunjo chini. Ndani ya hifadhi mpangilio ni ule ule, ila mahali pa migomba pameshikwa na miti ya porini.

Huko juu ndiko kwa pofu. Katika Marekani na Kanada, wawindaji hupanda milimani mwezi Septemba na Oktoba kumtafuta mnyama mkubwa mwenye pembe pana aitwaye moose. Kwetu sisi, anayemkaribia kwa umbo ni pofu, mkubwa kuliko jamii zote za swala za Afrika Mashariki. Dume lililokomaa huweza kufikia kilo 900, uzito unaomzidi fahali wa kawaida wa kienyeji.

Pofu si mnyama wa tambarare peke yake. Katika Mlima Kilimanjaro huonekana kwenye uwanda wa Shira, zaidi ya mita 3,500, mahali ambapo maji huganda usiku. Vilima vya Kagera ni vifupi mno ukivilinganisha na huko, lakini sababu za kupanda zinafanana. Juu kuna upepo unaopunguza inzi na mbung'o, na mnyama humwona adui akiwa mbali. Zaidi ya hapo, nyasi zikishaungua wakati wa kiangazi, machipukizi ya kwanza ya mvua za Septemba na Oktoba huwavuta walaji kwenye miteremko iliyo wazi. Kiangazi kikiwa kikali, pofu huishi zaidi kwa majani ya miti, hivyo hutafutwa ndani ya miti na wala si kwenye nyasi kavu.

Atafutwe alfajiri au jioni, na mtafutaji awe na darubini. Kwa ukubwa wake wote, pofu ni mwoga. Huondoka angali mbali sana na gari. Nyayo zake huweza kudhaniwa ni za ng'ombe. Dume kubwa likitembea hutoa mlio wa tak-tak miguuni, ambao kukiwa kimya husikika kabla lenyewe halijaonekana. Korongo, mwenye uso mweusi na mweupe na pembe zilizopinda nyuma, naye hupenda miteremko yenye miti.

Bondeni mambo hubadilika. Huko ndiko kwa nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye matope. Akishtuliwa hujitosa majini na kubakiza pua. Jina lake la kitaalamu limetokana na John Hanning Speke, Mwingereza aliyepokewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 na kuonyeshwa mnyama huyo hapo hapo. Yaani wataalamu wa Ulaya walimjua nzohe kupitia Kagera, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule vingeweza kulitaja.

Wahaya wenyewe walikuwa na utaratibu wao wa porini. Irungu aliheshimiwa kuwa mwenye mamlaka juu ya pori na uwindaji, na koo zilikuwa na miiko ya wanyama. Babito waliotawala Kiziba, kwa mfano, mwiko wao ni mbawala, yaani engabi.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, karibu Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Kambi zilikaa jirani na mapori hayo hadi Desemba 1996, na katika kipindi hicho kuni na nyama vilitoka humo. Baadaye, miaka ya 2000, majambazi walifanya maskani humo kiasi cha mabasi kusindikizwa na polisi wenye silaha, na mifugo nayo ilijazana hadi operesheni za kuiondoa. Pofu huzaa ndama mmoja baada ya mimba ya miezi tisa hivi, kwa hiyo idadi hupanda polepole.

Swali ambalo wasomaji huuliza ni kuhusu uwindaji. Katika pori la akiba, uwindaji wa kibali uliruhusiwa. Katika hifadhi ya taifa hauruhusiwi kabisa. Kwa hiyo tangu 2019 hakuna kibali kinachomwezesha mtu kuwinda Burigi-Chato. Kwingineko, vibali hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).

Anayetaka kitoweo anayo njia halali, kwani kanuni za mwaka 2020 zilifungua mlango wa mabucha ya nyamapori yenye leseni. Adai risiti na aitunze. Kukutwa na nyama isiyo na kibali ni kukutwa na nyara za Serikali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na mahakama zimekwisha kuwafunga watu miaka 20 kwa kosa hilo. Kuingia hifadhini bila kibali nako ni kosa, hata kwa aliyebeba darubini tu.