Ngazi ndefu kutoka Iftin: Ligi za chini zilivyoisahau Kaskazini Mashariki

Iftin kwa Kisomali ni mwangaza. Ukifika kwenye viwanja vya mtaa huu wa Garissa jioni, baada ya swala ya alasiri, utakachokiona kwanza ni vumbi. Mawe mawili ndiyo goli. Wachache wana viatu vya kuchezea. Wengi wako peku au wamevaa makubazi. Gozi likipotelea kwenye kichaka cha mathenge, mdogo kuliko wote hutumwa kulifuata, na wenzake humngoja kimya. Mwiba mmoja ukilitoboa, mchezo umekwisha, kwani hakuna mpira mwingine.

Vichaka hivyo vimenijia akilini mara nyingi tangu Serikali itangaze kwamba sherehe za kitaifa za Madaraka Dei 2026 zitaandaliwa Wajir. Kanda iliyozoea kuzifuata sherehe hizo redioni imepewa heshima, na tuna haki ya kujivunia. Ila uwanja wa sherehe usio na ligi ni kisima kisicho na kamba: maji unayaona, lakini huyanywi.

Soka ya Kenya hupandwa kwa ngazi. Chini kuna ligi za kaunti, kisha za kanda, Divisheni ya Pili, Divisheni ya Kwanza, Supa Ligi ya Taifa (NSL), na juu kabisa Ligi Kuu. Anayeongoza jedwali hupanda, anayeburura mkia hushuka. Ahadi hiyo ndiyo humfanya kijana wa mtaani aamini kwamba jasho lake lina mahali linakokwenda.

Ligi ya taifa ilianza 1963, Nakuru All Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Miaka miwili baadaye Mombasa nayo ikaonja ubingwa kupitia Feisal. Lakini Disemba hiyohiyo ya 1963, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta viliisha 1967, ila sheria za hali ya hatari ziliendelea kutubana hadi 1991. Ligi ni safari: leo nyumbani, wiki ijayo ugenini. Mahali ambapo sheria iliruhusu watu kuzuiwa kutembea, timu ingesafiri vipi? Ukiipitia orodha ya mabingwa wa Kenya tangu 1963, huoni klabu hata moja ya Garissa, Wajir wala Mandera.

Hapa kwetu hata kukusanyika kuna kumbukumbu nyingine. Novemba 1980 maafisa wa usalama waliuchoma mtaa wa Bulla Karatasi, kisha wakawakusanya wakazi katika Shule ya Msingi ya Garissa na kuwaweka hapo siku tatu bila chakula wala maji. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika hayo. Mzazi aliyepitia siku zile alikuwa na sababu ya kumkataza mwanawe kukusanyika popote, hata kwa ajili ya mpira.

Wapo watakaosema kaskazini ni mbali na kiwango chake ni duni. Maneno hayo yaliwahi kusemwa Norway pia. Klabu za kaskazini mwa nchi hiyo hazikuruhusiwa kucheza Kombe la Norway hadi 1963, wala kupanda ligi ya juu hadi 1972. Hata mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa nusu: mabingwa wa makundi ya kusini katika daraja la pili walipanda moja kwa moja, ilhali bingwa wa kaskazini alilazimishwa kupita kwenye mechi za mchujo. Bodø/Glimt, klabu ya mji ulio kaskazini ya Duara la Aktiki, ilikwama hapo 1974 na tena 1975. Ajabu ni kwamba msimu huohuo wa 1975, ikiwa bado daraja la pili, ilitwaa Kombe la Norway. Ikapanda 1976. Mwaka 2020 ikawa bingwa wa nchi, na 2025 ikafika nusu fainali ya Ligi ya Europa, hatua ambayo hakuna klabu nyingine ya Norway iliyowahi kuifikia. Umbali ni uleule na baridi ni ileile. Kilichobadilika ni kanuni.

Sisi ngazi yetu tuliivunja wenyewe, na msimu wa 2021/22 wa NSL ndio ushahidi.

Novemba 11, 2021, aliyekuwa Waziri wa Michezo Amina Mohamed alivunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) uliokuwa chini ya Nick Mwendwa. Kamati ya muda ikaundwa, mwenyekiti akiwa jaji mstaafu Aaron Ringera. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa madai ya serikali kuingilia soka, na Harambee Stars ikakosa mechi za kufuzu Kombe la Afrika.

Wakati wakubwa wakivutana, vijana waliendelea kucheza. Walisafiri, wakalala kwenye vyumba vya bei nafuu, wakamaliza ratiba yote. Katika Ligi Kuu, Tusker wakatawazwa mabingwa, huku Mathare United na Vihiga Bullets wakiteremka. Katika NSL, timu mbili zilijipatia tiketi ya Ligi Kuu: APS Bomet, na Fortune Sacco ya Kirinyaga. Kwa mashabiki wa kaunti hizo, hiyo ilikuwa sherehe isiyo na kifani.

Haikudumu. Baada ya uchaguzi mkuu, Waziri mpya Ababu Namwamba aliurejesha uongozi wa FKF, na Novemba 28, 2022 FIFA ikaondoa marufuku. Shirikisho liliporudi ofisini lilikataa kuutambua msimu ulioendeshwa bila lenyewe. Mathare United na Vihiga Bullets wakarejeshwa Ligi Kuu. APS Bomet na Fortune Sacco wakaambiwa warudi NSL. Malalamiko yalifika hadi Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lakini gurudumu la msimu mpya lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Pointi walizovuna kwa miezi kadhaa zilifutwa mezani. Hakuna mchezaji aliyekuwa amekosea.

Kama walio karibu na kilele walisukumwa chini hivyo, aliye chini kabisa Garissa apande kwa imani gani? Kwake gharama ya kujaribu ni kubwa zaidi. Kutoka hapa hadi Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na Mandera ni mbali zaidi kuliko huko. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofanya Novemba 2023 na tena Aprili 2024, barabara ya Madogo hufunikwa na maji na mji hukatika. Vipaji havijapungua: Berlin FC ya hapa Garissa imewahi kubeba jina la kanda kwenye fainali za kitaifa za Chapa Dimba na Safaricom. Lakini mashindano ya siku chache hayawezi kuchukua nafasi ya ligi ya mwaka mzima.

APS Bomet hawakukata tamaa. Walicheza upya, na mwaka 2025 wakapanda pamoja na Nairobi United. Walingoja miaka mitatu kupata walichokuwa wameshakishinda uwanjani.

FKF, ambayo tangu Disemba 2024 inaongozwa na Hussein Mohammed, ina nafasi ya kurekebisha haya. Isaidie timu za kanda hii kwa nauli za ligi, na iweke kanuni kwamba matokeo ya uwanjani hayafutwi na ugomvi wa ofisini. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera nazo zitenge pesa za ligi zao kabla ya kukata utepe wa uwanja mwingine. APS Bomet walingoja miaka mitatu. Garissa inangoja tangu 1963.