Rutuba na Unyevu Kasese na Bwera

Neno la Kiingereza "moisture" kwa kawaida hutafsiriwa unyevu. Hata hivyo, zamani lilikuwapo neno jingine lililobeba maana hiyo, nalo ni rutuba. Asili yake ni Kiarabu, ambamo rutuba ni hali ya majimaji. Mzizi huohuo ndio uliozaa rutab ya Waomani, yaani tende mbivu ambazo bado laini na hazijakauka. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza rutuba kwa maana hiyo ya unyevu. Baadaye maana ilihamia kwenye ardhi: kwa kuwa shamba lenye majimaji ndilo linalootesha vizuri, rutuba ikawa nguvu ya udongo ya kulisha mimea. Leo wengi hawaijui maana nyingine.

Wilayani Kasese maneno haya mawili huachana waziwazi. Uwanda ulio chini ya milima ya Rwenzori una joto na mvua chache, lakini udongo wake ulioletwa na mito ni mzuri. Kwa maneno mengine, rutuba ipo, unyevu haupo. Ndiyo maana miaka ya 1960 ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, unaotumia maji ya mto Sebwe. Mwanafunzi anayetafsiri unyevu wa udongo kuwa rutuba anaweza kujitetea kwa kamusi ya zamani, lakini mkulima wa Mubuku akisoma tafsiri hiyo atanunua mbolea wakati shamba linataka maji.

Huko Bwera, mlimani, shida ni kinyume chake. Kahawa ya arabika inatakiwa kukaushwa hadi ibaki na unyevu wa takriban asilimia 12, na jua haliaminiki. Ikizidi, hushikwa na ukungu (neno ambalo, ajabu, ni la mawingu ya mlimani na pia la kuvu ya ghalani) na bei hushuka. Katika mpaka wa Mpondwe, Wakonzo na Wanande huelewana kwa lugha zao. Lakini mnunuzi kutoka mbali huhitaji Kiswahili, na kwake kahawa isiyokauka ni "mbichi", hata kama imekaa juani wiki nzima. Rutuba haitajwi kabisa mbele ya mizani.