Mkarafuu na Ua Lisiloachwa Likachanua

Mimea itoayo maua imejaaliwa kawaida moja tangu azali: ua hufunguka, chavua ikatua penye sehemu yake ya kike, mbegu ikatungwa ndani ya kitako cha ua, petali zikapukutika, tunda likavimba na kuiva, na mbegu ikaanguka chini kuanza umri mpya. Mkarafuu nao umeumbwa juu ya kawaida hiyo hiyo. Walakini binadamu, kwa kuitamani harufu yake, ameikatiza kabla ya kutimia, kwani karafuu tuitiayo katika pilau na chai si tunda wala si mbegu, bali ni ua changa lililochumwa na kuanikwa kabla halijapata kuchanua. Juu ya jambo hilo dogo ilijengwa tijara iliyotajirisha masultani, ikawatia watu utumwani, na kuipa Zanzibar jina lake duniani.

Mwenye kutaka kuhakikisha na aichukue karafuu kavu, airoweke katika maji ya moto, kisha aipasue kwa wembe. Kile kijiti ni kitako cha ua, na karibu na ncha yake ya juu mna chumba ambamo mbegu ingalitungwa. Zile pembe nne zilizotanuka ni sepali. Na lile duara la juu ni petali nne zilizokunjana kama kofia, zikifunika stameni nyingi zilizojipinda ndani. Laiti ua lingaliachwa, kofia ile ingalidondoka, stameni zikatanuka, nyuki wakazuru, na baada ya miezi kadhaa likatokea tunda la rangi ya zambarau (na mzambarau, kwa hakika, ni ndugu wa mkarafuu kwa nasaba), ambalo aghalabu huwa na mbegu moja tu.

Katika mbegu hiyo mna siri inayopitiwa mno na wasimulizi. Haistahimili kukauka: ikitolewa katika tunda na kuachwa juani, hufa. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa kilichouzwa kilikuwa ua lisilo na mbegu, Ternate, Tidore na visiwa jirani vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ambako ndiko kwao mkarafuu, viliuza karafuu China, India, Bara Arabu na Ulaya kwa dahari, pasina mnunuzi kuweza kuotesha mti kwa kile alichokinunua. Waholanzi walipoishika biashara hiyo katika karne ya 17, kungumanga, ambayo ni mbegu hasa, waliichovya katika chokaa wakiamini kwamba haitaota tena. Karafuu haikuhitaji chokaa, maadamu iliuzwa ikiwa imekwisha kukatiwa kizazi. Hofu yao ilikuwa juu ya miti yenyewe, na ndiyo maana kuanzia mwaka 1652 waliifyeka mikarafuu ya visiwa vingine, wakaibakiza Ambon na ujirani wake wapate kuitawala bei.

Ngome hiyo ilivunjwa kwa miche. Pierre Poivre, msimamizi wa serikali ya Ufaransa katika kisiwa cha Morisi, alituma merikebu Maluku, nazo mwaka 1770 zikarejea na mikarafuu michanga. Iliyosalimika ilikuwa michache, na uzao wake ukaenezwa hata Bourbon, kisiwa kiitwacho leo Réunion. Kwa njia ya Wafaransa hao ndipo mti ulipofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu wa Oman aliyekuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Baadaye Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimnyang'anya mashamba hayo, akawa yeye mpandaji mkubwa kuliko wote. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja.

Hapo tabia ya ua ikageuka kuwa amri juu ya watu. Mkarafuu huanza kutoa maua baada ya miaka 6 hivi hadi 8, nao huweza kuishi zaidi ya karne. Bali maua yake hayapevuki kwa pamoja. Kichala hutakiwa kuchumwa vikofia vikiwa vimejaa na kuanza wekundu, ilhali havijafunguka, hata mti mmoja huchumwa mara kadhaa katika msimu; kisha karafuu huchambuliwa kwa mkono kutoka katika makonyo, ikaanikwa majamvini siku 4 au 5 hata ipoteze takriban theluthi mbili za uzito wake. Kazi hiyo haingoji, wala haifanywi na wachache; na mabwana wa zama zile walijipatia watu kwa njia ya utumwa, wakawaleta kutoka bara kupitia bandari za Mrima. Sioni namna ya kuisifu karafuu ya Sayyid bila kulitaja hilo. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, ua halikubadili majira yake, ikawabidi wenye mashamba kuwalipa wachumaji kwa pishi, na watu wa kusini ya Unguja wakawa wakivuka kila msimu kwenda Pemba.

Walikwenda Pemba kwa kuwa dhoruba ya Aprili 1872 ilikuwa imeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ikaiacha Pemba salama kwa kiasi kikubwa. Aliyepanda upya Unguja alikaa miaka akilingoja ua la kwanza, ilhali mwenziwe wa Pemba anachuma na kuuza. Unguja haikuirudia tena nafasi yake.

Nasaba ya mikarafuu yetu ni finyu, kwa kuwa imetokana na ile michache ya Morisi, na chavua ya ua huweza kulitosheleza ua lile lile. Kwa hiyo miti hufanana mno, na maradhi yaudhuruyo mmoja huweza kulidhuru shamba zima. Fauka ya hayo, mingi imezeeka. Miche hugawiwa, lakini kila mche ulianza kwa ua ambalo mchumaji hakulifikia au mwenye shamba alilisamehe. Basi mwenye mti uzaao sana na usiougua na ausamehe matawi machache msimu ujao. Na matunda yakishaiva, azipande mbegu zake ndani ya juma moja, kivulini, katika udongo wenye unyevu, wala asizianike.