Umri wa jibu: akiba kabla ya lango la API

Anayesanidi lango la API hufika mahali pa kujaza namba moja: jibu likae kwenye akiba sekunde ngapi? Katika lango la Amazon, lililozinduliwa Julai 2015, namba inayokutwa pale ni 300, na ya juu kabisa ni 3,600. Wengi huiacha ilivyo wakidhani inahusu kasi tu. Historia ya wavuti inanishawishi vingine. Kasi ndiyo iliyozaa akiba, lakini ubishi uliodumu ni wa mamlaka: nani mwenye haki ya kusema jibu limechakaa?

Mwanzoni haki hiyo ilikuwa ya aliyeshika nakala. Mwaka 1994 seva ya CERN ilikuwa tayari na proksi ya kuhifadhi kurasa, kazi ya Ari Luotonen, na mwaka 1996 ikaja Squid ya Duane Wessels na wenzake. Njia za kimataifa zilikuwa nyembamba na ghali. Afrika Mashariki ililijua hilo vizuri: kabla ya kebo ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, mawasiliano ya nje yalitegemea sana setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ombi na jibu lake vilipoteza karibu nusu sekunde angani. Kwa mtandao wa namna hiyo proksi ilikuwa hitaji. Ila iliishi kwa kukisia: mwenye ukurasa asiposema kitu, kanuni iliyozoeleka ilikuwa kuuamini kwa asilimia 10 ya muda uliopita tangu ubadilishwe mara ya mwisho. Ukurasa uliotulia siku kumi ulipewa siku moja zaidi, hata kama mwenyewe alikuwa ameubadilisha saa moja baadaye.

HTTP/1.1, iliyochapishwa Januari 1997, ilimrudishia mwenye jibu sauti yake. Kupitia Cache-Control aliweza kutamka sekunde za uhai wa jibu, au kukataza lisihifadhiwe kabisa. Kwa ETag, mwenye nakala aliweza kuuliza kama kuna kilichobadilika bila kubeba mzigo wote upya. Kanuni hizo pia ziliizuia akiba ya pamoja kutumia tena jibu la ombi lenye uthibitisho wa mtumiaji, isipokuwa mwenye jibu ameruhusu waziwazi. Kwangu hapo ndipo penye uzito kuliko pote, kwa sababu wataalamu walikubali kwamba kuna majibu ambayo ni ya mtu mmoja.

Mwaka 2006 Varnish, iliyoandikwa na Poul-Henning Kamp kwa ajili ya gazeti la Norway, Verdens Gang, iliiweka akiba mbele ya seva za mchapishaji mwenyewe. Lango la API limerithi nafasi hiyo. Je, ubishi si umekwisha, maadamu jibu na lango ni vya mtu mmoja? La. Desemba 25, 2015, duka la michezo la Steam lilikuwa likishambuliwa kwa maombi mengi, na kampuni iliyolihudumia kwa akiba ikaweka kanuni mpya za kupunguza mzigo. Kanuni mojawapo ilihifadhi kimakosa kurasa za watumiaji waliokwisha kuingia, na taarifa za watu wapatao 34,000 zikaweza kuonekana na wengine. Mashine zilifanya kasi iliyotakiwa. Kilichokosekana ni kujua jibu ni la nani.

Atakayesema heri akiba izimwe anasahau kwamba kila jibu huzeeka njiani, na kwamba seva iliyozidiwa haimjibu yeyote. Kilichobaki ni kazi ya kuchambua, jibu kwa jibu. Orodha ya wilaya yaweza kukaa saa nzima. Salio la akaunti lisikae hata sekunde. Na kwenye lango la Amazon, kigezo kinachobadilisha jibu kisipotajwa kuwa sehemu ya ufunguo wa akiba, aliyeuliza bei za Mwanza aweza kupewa za Mombasa. Aliyeweka 300 hakujua API yako inajibu nini.